Binti Pekee wa Fundi Viatu

Sokoni walimwita Bi Mafusho. Jina hilo alipewa kwanza mtaani kwake, kisha likamfuata mpaka kazini, kwa sababu kila baada ya miezi miwili hivi, mchana wa siku asiyofungua kibanda, uani kwake kulitoka moshi ambao haukuwa wa kupikia. Ulinuka kiatu kipya, ulinuka kuni, na ndani yake mlikuwa na kitu cha kuwasha puani. "Leo anachoma viatu tena," watoto wa jirani walisema. Yeye hakukasirika. Alicheka kidogo, mkono mdomoni, akaendelea na lake.

Alikuwa muuza viungo. Kibanda chake kilikuwa cha tatu ukiingia kwa lango la nyuma, jirani na meza ya shoga yake wa miaka mingi, muuza mayai. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, basibasi, vyote alivipanga kwenye vibati vilivyofutwa vumbi kila asubuhi kabla hajavua hata kitambaa cha kichwani. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wawili walikuwa watu wazima wenye kazi zao mbali. Aliyebaki naye mji mmoja ni mdogo wake wa kike, kitindamimba wa mama yao, ambaye tangu utotoni walimwita Kitinda tu.

Kati ya wawili hao palikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yao alifariki siku chache baada ya kumzaa Kitinda, na kabla ya Kitinda walizaliwa watoto watatu wasiokaa. Basi kichanga kikaangukia mgongoni kwa dada yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza darasa la saba. Alikibeba mgongoni akipika, akifua, akifagia karakana ya baba.

Baba yao alikuwa fundi viatu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango unaofunguka barabarani. Alikuwa anatumia ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, si hii ya viwandani, akiipanga kwa tabaka, na kati ya kila tabaka alinyunyiza pilipili manga iliyopondwa ili wadudu wasiile. Pembeni palikuwa na jiko la kuyeyushia nta, likifuka siku nzima. Na kwa kuwa alikuwa ameacha tumbaku, alitafuna iliki kutoka asubuhi mpaka anafunga mlango. Ukiyaweka pamoja hayo, ngozi, moshi, pilipili na iliki, ndiyo ilikuwa harufu ya baba. Ilikuwa harufu nzito na nyeusi, ya kumkaa mtu nguoni.

Naye hakukaa. Kitinda hajatimiza miaka mitatu, fundi viatu akaugua kifua, akaenda. Mwenye chumba alipotaka chumba chake, Bi Mafusho, msichana wa miaka kumi na sita, aliokoa msharasi mmoja wa kutobolea na gunia la vipande vya ngozi.

Miaka ilipita. Siku moja alilifungua lile gunia, akaingiza uso wote, asinuse kitu. Ngozi ilikuwa imelala kama karatasi. Alilia siku hiyo kuliko siku ya msiba. Ndipo akaanza kujaribu. Alichukua debe, akatia makaa na kipande cha kuni chini, akaweka wavu juu yake, akapanga vipande vya ngozi, akafunika. Vikishakolea moshi alivikata vidogo, akavitia kwenye chupa ya kioo cha rangi pamoja na mafuta mepesi yasiyo na harufu, na iliki, na pilipili manga, na mdalasini kidogo wa kushikanisha. Chupa ikakaa uvunguni mwa kitanda siku arobaini. Alikosea mara nyingi, nyingine ikatoka kama maji ya kuoshea mbwa. Lakini ipo siku alizibua kizibo na baba akaingia chumbani. Hivyo ndivyo alivyomweleza shoga yake. "Aliingia kabisa," alisema. "Nilitaka kusimama nimpishe kiti."

Hakuuza. Alijipaka tone moja nyuma ya sikio anapokwenda kwenye ibada, basi.

Kitinda naye alikua mrembo, mwenye maneno matamu na pua kali. Alipata kazi kwenye duka la manukato katikati ya mji, la vioo, ambako chupa ndogo huwekwa mojamoja rafuni kama watu wasioelewana. Kule nyuma ya duka mwenye duka alikuwa na chumba cha kuchanganyia, na Kitinda alipanda mpaka akawa ndiye mchanganyaji.

Alasiri moja alikuja kumsalimu dada yake, akamkumbatia, akabaki na pua yake shingoni.

"Dada, hii ni nini?"

"Hii ni Baba."

Kitinda alikaa kitini polepole. "Kuna watu wangelia wakiinusa hii," alisema. "Nifundishe."

Bi Mafusho hakujua la kufanya kwa furaha. Kitinda hakuwa na kumbukumbu yoyote ya baba yao, hata ya sauti. Kila alichojua alikipata kitandani, usiku wa utoto, akiomba: nieleze Karakana. Na dada yake akamweleza: nilikuwa nalala chini ya meza juu ya mabaki ya ngozi, Baba ananifunika aproni yake, nachezea vibati vya misumari. Alieleza mpaka mtoto akalijua kila neno, akawa anamsahihisha. Sasa mtoto huyo mwenyewe anataka kumnusa baba yake. Alimwonyesha yote: gunia, debe, wavu, vipimo vya viungo, chupa. Alimfungia na vipande vichache vilivyokwisha kufukizwa ili akajaribu.

Wiki ile ile aliona kopo alilotunzia vile vipande vilivyobaki limepungua hadi nusu. Akadhani panya. Alinunua mtego, akauweka na kipande cha samaki.

"Samaki hamgusi, anakula ngozi?" muuza mayai alishangaa. "Shoga, huyo panya wako anataka kunukia. Mwekee na kioo."

Walicheka mpaka machozi. Kitinda alikuwa amekuja kumtembelea juzi yake, akalala humo. Wala haikumpitia kichwani Bi Mafusho.

Miezi ikaenda. Asubuhi moja mteja wake wa siku zote, mama mmoja karani wa mahakama, aliinama kuchagua vijiti vya mdalasini. Bi Mafusho alikuwa anapima iliki. Mkono ukasimama hewani. Harufu ile ilimjia kutoka shingoni kwa mama yule, nzima, bila kukosa hata punje.

"Dada, unanukia nini leo?"

Karani akacheka kwa kujisikia. "Umeipenda? Zawadi ya mume wangu. Yanaitwa Karakana. Si kila duka linayo." Akatoa mkobani kisanduku cheusi. "Hebu soma na hii kadi. Mimi nilipoisoma nilitaka kulia."

Bi Mafusho alivaa miwani. Hakuwa msomaji wa haraka, alisoma akifuata mstari kwa kidole. Kadi ilisema: *Baba yangu alikuwa fundi viatu. Nililala chini ya meza yake juu ya mabaki ya ngozi, akanifunika aproni yake, nikachezea vibati vya misumari. Alitafuna iliki siku nzima. Mimi, binti pekee wa fundi viatu, nimerudisha harufu ya karakana yake ili asisahaulike.* Chini yake, saini ya Kitinda, ile yenye mkia mrefu aliyojifunza kwa kuifuatisha ya dada yake.

Alirudi kwenye maneno mawili, akayasoma tena. Binti pekee.

"Nzuri, eti?" karani aliuliza.

"Nzuri," alisema Bi Mafusho, akamfungia mdalasini wake. Alisahau kumfungia iliki, ikabidi mama wa watu arudi.

Muuza mayai alipoelezwa alishusha trei nzima chini. "Ndiye panya!" alisema. "Mtego ungemnasa kidole, tungemjua mapema!"

"Usiseme hivyo. Labda wamemwandikia wao. Nitamwuliza."

"Utamwuliza? Na ukimwuliza usimpelekee na zawadi."

Alimpelekea zawadi. Hivyo ndivyo alivyoumbwa. Kesho yake alivaa gauni lake la ibada, akafunga paketi ya iliki bora kabisa, zile kubwa za kijani, akaenda mjini kwa miguu.

Ndani ya duka kulikuwa na ubaridi wa mashine na taa zisizoonekana zilipo. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, alikuwa amesimama na wateja wawili, na Kitinda kati yao, ndani ya gauni jeusi, akipunga kijikaratasi cha kunusia. Alikuwa anasimulia.

"Nilikuwa nikiamka naona miguu yake tu," alisema, "na nyuzi zinaanguka. Nilijua amechoka akianza kuimba bila maneno."

Hilo la kuimba halikuwa kwenye kadi. Bi Mafusho alikuwa amemwambia mara moja tu, Kitinda akiwa na homa, na hajapata kumwambia mtu mwingine. Alisimama mlangoni, mkoba umekumbatiwa kifuani, akisikiliza maisha yake yakitoka kwenye mdomo mwingine vizuri kuliko ambavyo yangetoka kwenye wake.

Mwenye duka alimwona. "Karibu, mama. Nikusaidie?"

Kitinda akageuka. Kwa muda wa kupepesa jicho uso wake ulifunguka, kama enzi zile akipokelewa langoni mwa shule. Kisha ukafungwa.

"Huyu ni mama wa sokoni," alisema. "Ananiuzia viungo."

Wateja wakamtazama na tabasamu la heshima. Mwenye duka akasema, "Ooh! Umetuletea nini leo?"

Angeweza kusema neno moja tu. Alilihisi limekaa mdomoni, zito, *dada yake*. Akamwona Kitinda anavyoukaza mkono wake kwenye kile kijikaratasi mpaka kimejikunja, na akajua kwamba akilisema, mtoto aliyembeba mgongoni atavuliwa nguo mbele za watu.

"Nimeleta iliki," alisema, akafungua mkoba.

Mwenye duka alinusa. "Safi sana. Ndiyo maana kazi yako inatoka nzuri," akamwambia Kitinda.

Kitinda akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama."

Mama. Miaka yote ile, amemlisha, amemsuka, amemkalisha kwenye dawati la kwanza, mtoto hakuwahi kumwita mama. Ilikuwa Dada, Dada. Leo kalipata jina hilo, na kalipata la kumwita mtu yeyote mzima anayepita.

Bi Mafusho alirudi kama alivyokuja, kwa miguu. Muuza mayai alipomwuliza yaliyotokea alisema, "Ameipokea." Kisha akaanza kufuta vumbi vibati alivyokwisha kuvifuta asubuhi.

Baada ya hapo zilipita kama wiki tano. Kisha mchana wa jua kali, Bi Mafusho akiwa uani anapepeta pilipili manga, Kitinda akaingia kwa mlango wa nyuma. Hakuwa amejipaka kitu chochote usoni. Alipiga magoti akamsalimia vizuri, akatoa chupa mkobani.

"Dada, nuse."

Bi Mafusho alizibua. Harufu ya ngozi mbichi iliyolowa mvua ikampiga. Akaziba.

"Imeoza."

"Zote zimeoza. Zile za mwanzo zilitoka vizuri, hizi za sasa madumu yote mawili nimemwaga. Nafuata kila kitu ulichonionyesha!"

"Zile za mwanzo ulitumia ngozi ya kwenye kopo langu," Bi Mafusho alisema kwa sauti ile ile ya kupepeta. "Nilikuwa nimeshaifukiza mimi. Nilinunua mtego wa panya, Kitinda."

Kitinda aliinama. "Nisamehe."

"Na kadi?"

"Mwenye duka alisema watu wanapenda hadithi ya mtu mmoja. Nilimsimulia, akaniuliza, ni wewe huyo? Nikasema ndiyo. Mara moja tu, Dada. Yakaandikwa."

"Na siku ile nimesimama mlangoni?"

"Ningesemaje mbele yao? Ningeonekana mwongo."

"Ukaona bora nionekane mimi si kitu."

Kitinda alianza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, aliyemlea alikijua. "Wewe unamkumbuka! Umekaa naye miaka kumi na sita. Mimi sina hata sura yake. Sina chochote isipokuwa ulivyonieleza, na nimejieleza mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo. Ni kosa kutaka kuwa nilikuwepo?"

Bi Mafusho aliacha kupepeta. Hilo lilimwingia. Kama mtoto angeishia hapo, pengine ungekuwa mwisho wa ugomvi wao.

"Mwenye duka ameshaahidi maduka mengine," Kitinda aliendelea, akifuta pua. "Nisipomtolea mwezi huu, kazi sina. Nina hakika ni moshi. Siku ile unanifundisha nilitazama saa, ngozi ilikaa dakika kumi na mbili. Sasa niambie, ni dakika ngapi hasa?"

"Siku ile nilikuwa naongea na wewe. Sikuwa nafukiza, nilikuwa naonyesha."

"Basi ni ngapi?"

"Sijui dakika. Nikishafunika debe nawaombea marehemu wetu. Namtaja Baba, namwombea. Namtaja Mama. Wale watatu waliotangulia kabla yako. Bibi, babu, mume wangu. Nikimaliza, nafunua. Ndiyo muda wenyewe."

Kitinda alimtazama kama mtu aliyeambiwa afungue mlango kwa kuuimbia. "Wale watatu," alisema, "walikuwa na majina?"

"Kila mtu ana jina. Hukuwahi kuniuliza."

Kisha Kitinda akasema taratibu, "Nifundishe kuwaombea."

Jamani, ni dada gani angekataa hilo? Moyo wa Bi Mafusho ulilainika kama nta. Akajiambia, kumbe mtoto amerudi. Manukato yaende yanakokwenda. Huyu atawajua watu wake. Akatandika mkeka kivulini, wakakaa bega kwa bega, hakuna moto, hakuna debe. Akafumba macho, akaanza. Alimtaja baba yao na msharasi wake na kifua chake kilichomtesa. Alimtaja mama. Alimtaja yule wa kwanza aliyeishi siku tisa, wa pili aliyeishi mvua moja, wa tatu ambaye hakulia kabisa. Alimsikia Kitinda akirudia kila jina nyuma yake kwa sauti ndogo, na machozi yakamtoka kwa shukrani.

Alifumbua macho kidogo atafute kitambaa. Kwenye mapaja ya Kitinda, chini ya ncha ya mtandio, simu ilikuwa inawaka. Tarakimu zilikuwa zinakimbia.

Sala ya marehemu haikatishwi. Aliyafumba macho tena, akaendelea: bibi, babu, mume wake. Wafu wakaisha. Hapo ndipo siku zote hufunua debe. Lakini leo hakuweza kunyamaza. Midomo iliendelea yenyewe, kimya kimya, ikamtaja aliye hai aliyekaa pembeni yake. Alimwombea tangu siku ya kuzaliwa kwake, jino la kwanza, surua, sare ya shule, kila kitu mpaka kile kijikaratasi kilichokunjwa. Alimwombea kwa uchungu, na muda mrefu, kama anavyoombewa mtu aliyekufa. Kisha akasema amina.

"Dakika arobaini na moja!" Kitinda aliruka akasimama, uso unang'aa. "Kumbe nilikosea mbali hivyo! Dada, Mungu akubariki, umeniokoa." Alimbusu paji la uso, akaokota mkoba na viatu, akatoka mbio nusu anacheka.

Hakuuliza tena jina hata moja. Hakuliandika lolote.

Bi Mafusho alibaki amekaa mkekani. Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Wafu wake peke yao hawakuwahi kufika muda huo. Walikuwa wakiisha kabla makaa hayajawa meupe. Ngozi nyembamba ikikaa juu ya moshi dakika arobaini na moja inaungua, na ikishaungua hakuna kiungo duniani cha kuificha. Alisimama haraka, magoti yakilia, akakimbilia mlangoni.

Kitinda alikuwa bado anahangaika na kitasa cha lango.

"Kitinda!"

"Abee, Dada?" Aligeuka, mkono mmoja kwenye lango, simu kwenye mkono mwingine.

Bi Mafusho aliitazama ile simu.

"Nenda salama," alisema.

Mdogo wake akampungia mkono, akaenda. Bi Mafusho alisimama ameshika komeo mpaka mlio wa visigino vyake ukapotelea kwenye kelele za barabara. Kisha akarudi mkekani, akapiga magoti aombe msamaha kwa alilolificha. Alianza vizuri. Katikati alijikuta amenyamaza, anatazama pilipili manga zake zilizoanikwa juani, na neno la kufuata halikuja.